Mtoto Amechaguliwa Timu ya Kata: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kutia Sahihi

Kila mwaka, baridi ya kipupwe inapoanza kuuma hapa Sumbawanga, shule zetu huingia msimu wa michezo. Shule za msingi hujiandaa kwa UMITASHUMTA, sekondari kwa UMISSETA. Anayefanya vizuri shuleni huitwa timu ya kata, kisha ya halmashauri, kisha ya mkoa, na wachache huvaa jezi ya Rukwa kwenda fainali za taifa. Ni furaha kubwa kwa nyumba yoyote.

Mama mmoja wa Malangali alitupigia simu studioni msimu huo ulipokaribia. (Tunasema Malangali yetu, kata ya manispaa ya Sumbawanga, si ile ya Mufindi yenye sekondari kongwe.) Binti yake wa darasa la sita anakimbia mita 800 na alikuwa amerudi nyumbani na karatasi ya ruhusa ya mzazi. Mama hakuwa na shida na michezo. Alichotuuliza ni hiki: "Niulize nini kabla sijasaini, bila kuonekana nawatuhumu walimu?"

Tulimjibu kwa kifupi hewani, na muda haukutosha. Makala haya ndiyo jibu refu.

Nguvu ya mtu mwenye orodha

Tukizungumzia usalama wa watoto, wengi wetu huwaza mtu mgeni anayevizia njiani giza likiingia. Giza lina hatari zake, ndiyo maana mazoezi ya jioni yanatakiwa kumalizika mapema ili watoto wafike nyumbani jua likiwa bado lipo. Lakini katika michezo hatari kubwa haitoki kwa mgeni. Inatoka kwa mtu anayefahamika na kuheshimiwa, na mara nyingi ndiye anayeshika orodha ya majina.

Fikiria nguvu ya mtu huyo. Ndiye anayeamua nani anakwenda mkoani na nani anabaki. Anajua nani hana viatu. Anamgusa mwanafunzi begani na mguuni akimrekebisha, na hakuna anayeshangaa, maana ndiyo kazi yake. Anaweza kumwita mtoto mmoja abaki baada ya wenzake kuondoka, na wazazi wakashukuru kwamba mtoto wao anaangaliwa kwa karibu. Hakuna mtu mzima mwingine nje ya familia anayepewa nafasi kubwa hivyo juu ya mwili na ndoto za mtoto.

Walimu wa michezo walio wengi hutumia nafasi hiyo kwa uaminifu, tena wengi hununua glukosi na plasta kwa mshahara wao. Hilo lisemwe wazi. Taratibu tunazozieleza hapa zinamlinda mwalimu mwema pia: ambaye hajawahi kukaa peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, hata akisingiziwa, ana mashahidi.

Mtu mwenye nia mbaya haanzi na ubaya. Anaanza na wema. Raba mpya, soda, nauli, sifa mbele ya wenzake. Baadaye zinakuja siri ndogo ndogo: "usiwaambie wenzako nimekupa, wataona wivu." Zinafuata ujumbe wa simu usiku, mizaha kuhusu mwili, mguso unaosogea kidogo kila siku ili mtoto asijue ni lini hasa mambo yaliharibika. Mwisho ni deni: "nimekusaidia hivi vyote, wewe utanisaidia nini?" Mtoto akifika hapo anajiona mkosaji, kwa sababu alipokea raba. Anaogopa kuachwa kwenye timu na anaogopa kipigo cha nyumbani. Basi ananyamaza.

Kwa hiyo mzazi asichunguze zawadi peke yake. Achunguze siri inayofuatana nayo. Mwalimu anayetoa raba hadharani, mzazi akijua na mkuu wa shule akijua, amefanya jambo jema.

Iten, Trans Nzoia na Ufaransa

Uwanda wa Ufipa uko juu, na Sumbawanga yenyewe iko mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Wapenzi wa riadha wa hapa hupenda kutulinganisha na Iten kule Kenya, mji wa milimani unaotoa mabingwa wa mbio ndefu. Mfano ni mzuri, ila Iten ina funzo jingine pia.

Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa bado kijana mdogo, kisha akapata medali ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya 2017 na ya 2019. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji na akakana shitaka. Wanariadha wenzake, akiwemo Viola Cheptoo, walianzisha shirika la Tirop's Angels ili wanawake wanaokimbia wapate mahali pa kusemea. Serikali ya Kenya nayo iliunda kamati ya kuangalia hali ya wanawake michezoni, ikiongozwa na Catherine Ndereba, bingwa wa zamani wa marathoni.

Miaka mitatu haikupita. Agosti 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris akamaliza wa 44. Tarehe 1 Septemba, nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli akamchoma moto. Walikuwa na ugomvi wa kiwanja alichokuwa amejenga karibu na sehemu za mazoezi. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali mjini Eldoret, akiwa na miaka 33.

Mtu atasema hao walikuwa watu wazima, na hayo ni mambo ya ndoa na mali. Ni kweli kwa sehemu. Lakini wanariadha wa Kenya wenyewe wameeleza jinsi mambo yanavyoanza: msichana wa kijijini mwenye kipaji anakutana na mwanamume anayejiita kocha au meneja, anayempa chakula, pa kulala na viatu. Baadaye huyo huyo anakuwa mume, anashika kadi ya benki, na nyumba na shamba vinaandikwa jina lake. Siku mwanamke anapotaka kusimama mwenyewe, ndipo hatari inapokuwa kubwa kuliko zote. Ni ile ile njia ya raba, deni na siri, isipokuwa imeendelea kwa miaka mingi na fedha zimekuwa nyingi.

Wala si jambo la Afrika peke yake, au la umaskini. Huko Ulaya kuna mchezo ambao sisi hatuna hata pa kuuchezea, kucheza kwa kuteleza juu ya barafu. Mabinti huanza wakiwa wadogo sana, hufundishwa na mtu mmoja kwa miaka mingi, saa nyingi kwa siku, na mwili wao hupimwa na kusemwa kila wiki. Januari 2020 Mfaransa Sarah Abitbol, aliyewahi kupata medali ya shaba ya dunia mwaka 2000, alitoa kitabu akaeleza kwamba kocha wake alimbaka alipokuwa na miaka kati ya 15 na 17. Ilikuwa imepita karibu miaka thelathini. Wanamichezo wengine walijitokeza baada yake, na Februari mwaka huo rais wa shirikisho la michezo ya barafu la Ufaransa alijiuzulu. Mtu mwenye medali shingoni, katika nchi tajiri, alihitaji miaka thelathini kupata neno la kusema. Mtoto wetu wa darasa la sita tunamtaka aseme siku hiyo hiyo, halafu tunamuuliza kwa nini alichelewa.

Mchezo huo wa barafu ulichukua hatua moja inayofaa kutajwa. Mwaka 2022 shirikisho lake la dunia liliamua kupandisha umri wa chini wa kushindana na watu wazima kutoka miaka 15 hadi 17, kwa hatua, ili kulinda miili na akili za watoto. Kwa sisi wa mbio ndefu, hoja hiyo ina upande wake wa afya. Binti anayekimbizwa sana na kula kidogo anaweza kukosa hedhi miezi kadhaa. Wapo makocha wanaosema ni dalili ya kuiva kimazoezi. Si kweli. Ni dalili kwamba mwili hauna chakula cha kutosha, na mifupa yake inaweza kudhoofika. Aongezewe ugali na maharage, apelekwe kituo cha afya.

Sheria inavyosema

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo kocha anayefanya mapenzi na mwanafunzi wa miaka 16 hawezi kujitetea kwamba "alikubali wenyewe." Huo ni ubakaji, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka pia kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na yakakataza kumuoa mwanafunzi. Mkoa wetu uko kwenye orodha ya mikoa yenye mimba nyingi za utotoni, kwa hiyo vifungu hivi havituhusu kwa mbali.

Kwa aliyetimiza miaka 18 sheria bado ipo. Kanuni ya Adhabu inamtaja mwenye madaraka anayetumia nafasi yake kumpata kimwili mwanamke aliye chini yake. Na tangu mwaka 2007 sheria ya kuzuia rushwa inatambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Kumwambia mchezaji kwamba jina lake litaingia akikubali kulala na kiongozi ni sawa na kudai fedha, na TAKUKURU hupokea taarifa hizo bure kwa simu namba 113.

Tuongeze la viboko, maana huulizwa sana. Kanuni za shule zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viboko havizidi vinne. Kocha wa kujitolea aliyeletwa kutoka mtaani hana ruhusa hiyo kabisa. Kumkimbiza mtoto raundi kumi juani bila maji kwa sababu amekosa penalti si mazoezi, ni adhabu iliyobadilishwa jina.

Sasa, maswali yenyewe

Swali la kwanza ni la kulala. Timu ikienda mbali hulala mabwenini au madarasani, na hapo ndipo usimamizi hulegea kuliko pote. Mwaka 2019 na 2021 fainali za taifa zilikuwa Mtwara, yaani kutoka kona moja ya nchi hadi nyingine, safari ya zaidi ya siku moja ndani ya basi. Muulize mwalimu: wasichana watalala jengo gani, na mwanamke gani atalala nao? Jina lake nani? Usiridhike na "atakuwepo matroni." Mtu mwenye jina anaweza kupigiwa simu. Uliza pia bafu na choo viko wapi, na usiku mtoto anakwenda na nani. Mtu mzima yeyote, mwanamume au mwanamke, asilale chumba kimoja na mtoto mmoja.

La pili ni usafiri. Mtoto apande gari la timu, asibebwe peke yake kwa pikipiki ya kocha au gari la mfadhili, hata kama ni kufika Malangali tu kutoka Uwanja wa Nelson Mandela. Tunajua bodaboda ni ngumu kuepuka hapa kwetu. Basi wapande watoto wawili, au mzazi ndiye amtafute dereva anayemjua.

La tatu linawakera baadhi ya walimu, lakini liulize: nani mwingine yupo mazoezini? Kanuni nzuri ni watu wazima wawili, au mtu mmoja mahali panapoonekana na kila mtu. Mazungumzo ya faragha yafanyike uwanjani, pembeni, wenzake wakiona hata kama hawasikii. Kuchua misuli kufanyike hadharani, mtoto akiwa amevaa nguo za michezo, tena baada ya kuulizwa. Vipimo vya afya vifanywe na mhudumu wa afya, msichana akiwa na mwanamke anayemwamini. Kocha hana kazi ya kumpima mtoto nyuma ya pazia.

Kuhusu simu hatuna maneno mengi. Ujumbe wa timu uende kwenye kundi ambalo mzazi yumo, na kocha asimwandikie mtoto peke yake usiku. Picha za watoto wakibadilisha nguo zisipigwe na mtu yeyote, wakiwemo watoto wenzao.

Unaweza kuuliza haya yote bila kumtuhumu mtu. Tulimpa mama yule maneno: "Mwalimu, naomba nijue mpango wa safari, ili nami nimtulize baba yake." Mwalimu aliyejiandaa atajibu kwa dakika mbili. Asiyekuwa na jibu si lazima awe mbaya, huenda hakuwahi kuulizwa, na swali lako ndilo litakalomfanya amtafute matroni.

Wavulana na "wakala" kutoka Dar

Wazazi wengi huuliza habari za binti na kumwacha kijana aende anakotaka. Wavulana nao huumizwa, na huficha zaidi kwa kuogopa kuchekwa. Kwenye mpira wa miguu mlango wa hatari huwa ni mtu anayejitambulisha kuwa wakala. Anaona kijana uwanjani, anaahidi majaribio ya timu kubwa Dar es Salaam, au hata nje ya nchi, na anaomba fedha ya fomu na nauli. Wapo waliouza gunia za mahindi na ulezi kwa ahadi kama hizo, kijana akaishia kulala chumba kimoja na mtu asiyemjua, bila simu.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayekuahidi kumpeleka mwanao wa miaka 15 Ulaya mwezi ujao, mwambie akupe barua ya klabu, kisha uipeleke kwa chama cha mpira cha mkoa kabla ya kutoa hata shilingi.

Mtoto akikwambia

Msikilize. Usimhoji kama askari, usimuulize kwa nini alikwenda, usimpige. Mwambie umemwamini na kwamba si kosa lake. Baada ya hapo muda unakuwa mchache.

Ikiwa amebakwa au kulawitiwa, mfikishe hospitali haraka, ndani ya saa 72. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, na msichana anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba. Kadiri mnavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au kitambaa kikavu, si kwenye mfuko wa plastiki.

Taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ambako mtoto huhojiwa faragha. Unaweza pia kupiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anahusika, na pia kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa au kata, iliyoundwa chini ya mpango wa taifa unaoitwa MTAKUWWA. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake aziripoti serikali za mitaa. Hata jirani, hata dereva wa basi la timu.

Mahali pasipofaa kuwa pa kwanza, wala pa mwisho, ni ndani ya timu yenyewe. Kiongozi wa timu anaweza kuwa mtu mwema, lakini ana mashindano wiki ijayo, ana rafiki yake wa kumlinda, ana jina la shule. Mara nyingi atasema "tulimalize hili kimya kimya."

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo halitawafurahisha wote wanaotusoma. Kumalizana nyumbani ndiko kunakowaangusha watoto wetu. Wazee hukaa, ng'ombe au fedha hupitishwa, mlalamikaji haendi mahakamani kutoa ushahidi, kesi inakufa. Kocha anahamia kata nyingine na filimbi yake shingoni. Familia imepata laki kadhaa, na mtoto wa watu wengine, ambao hawajui lolote, ameanza kupewa raba. Tumewahi kusikiliza familia iliyopita njia hiyo. Baba alituambia fedha ziliisha kabla ya mvua kuanza, na binti hakurudi tena uwanjani, wala hakurudi kuzungumza naye kama zamani.

Mama wa Malangali alitupigia tena baada ya wiki. Alikuwa amekwenda shuleni na mume wake. Mwalimu wa michezo hakukasirika. Alikiri kwamba safari ilipangwa na walimu wawili, wote wanaume, kisha wakaenda pamoja kwa mwalimu mkuu, na mwalimu wa kike wa darasa la nne akakubali kusafiri. Mama alisaini karatasi. Nyuma yake aliandika jina la mwalimu huyo na namba yake ya simu, akainakili nyingine kama hiyo na kuishona ndani ya mfuko wa sweta la binti yake, pamoja na tarakimu tatu: 116.